Bi Nyani Aenda kwa Nyuki Kutibiwa Vidole

Ukitaka kupiga chafya piga sasa, maana hadithi hii ni fupi, itakupita.

Bi Nyani alishikwa na baridi yabisi, vidole vikavimba kama ndizi mzuzu, asiweze tena kumtoa mumewe kupe. Na kwa nyani, mke na mume wasiochambuana manyoya hawana ndoa, wana ujirani tu. Akasikia kwamba sumu ya nyuki ni dawa ya viungo, akajikongoja mpaka mzingani.

"Hodi wanangu! Nani ataniuma?"

Akatoka Nyuki mmoja, mdogo, mwenye haraka. "Mimi, bibi! Lete kidole."

"Na kesho utaniuma cha pili?"

"Kesho? Bibi, nyuki huuma mara moja tu. Mwiba ukitoka, roho nayo inaufuata."

"Na bado unasema lete kidole?"

"Si unaumwa?"

Bi Nyani akaficha mikono kwapani. "Rudi ndani, mwanangu! Dawa gani hii inayoanza na matanga ya daktari?"

Akarudi nyumbani analia, vidole vilevile, ndoa mashakani. Mumewe, mvivu aliyezoea kuchambuliwa tangu harusi, akasikiliza kisa chote. Akajikuna. Kisha akamkalisha mkewe mbele yake, akaanza yeye kumtafuta kupe.

"Wee mzee! Hilo ni sikio!"

"Tulia. Limenona kama kupe."

"Heri ningeumwa na nyuki!" akafoka Bi Nyani, akamgeuzia na sikio la pili.