Mwitikaji wa Bweni la Pili

Ifahamike kwa wote, wenye vyeo na wasio navyo, kwamba bweni la pili lina kiumbe. Jina lake Mwitikaji. Hana pembe, hana mkia, na hajawahi kumla mtu. Uwezo wake ni mmoja tu: mwanafunzi asipokuwepo mstarini asubuhi, Mwitikaji humwitikia, tena kwa sauti ya mwanafunzi huyo huyo.

Aliyelala aliitikiwa. Aliyekwama chooni aliitikiwa. Siku moja aliwaitikia wawili kwa mpigo, mmoja wao ana mafua, na mafua yakasikika. Mpishi aliapa kwamba amemwona akipita jikoni, ana masikio ya mbuzi. Hatukumbishia, mpishi ndiye anayepakua.

Mwalimu wa zamu hakuwa na habari naye. Yeye huita majina macho yakiwa kwenye daftari la mahudhurio. Akisikia "nipo" anatia alama, na alama ikishatiwa, basi, umo.

Jumapili jioni Mlingoti alikaa kitandani akifunga begi. Alikuwa mrefu kuliko wote shuleni, ndiyo asili ya jina. Mama yake amelazwa, hospitali iko mwendo wa nusu siku, na mkuu wa shule amemnyima ruhusa kwa sababu ya mitihani. Akitoroka akajulikana, anafukuzwa.

"Mwambieni huyo Mwitikaji wenu anishikie siku nne," alisema. "Ijumaa nimerudi."

"Atataka kitu," mmoja wetu akamjibu.

"Achukue sukari yangu."

"Yote?"

"Aniachie ya kulamba, mlafi huyo."

Jumatatu alfajiri akaruka ua. Saa moja baadaye jina lake likaitwa. "Nipo, mwalimu," ikajibu besi yake ile ile ya pipa tupu. Pengo la pale alipokuwa akisimama lilionekana mpaka jikoni. Mwalimu akatia alama. Jumanne vivyo hivyo. Jumatano pia. Sukari ikaisha.

Alhamisi, mzee mmoja alisimama kando ya mwalimu, kofia mkononi. Baba yake Mlingoti. Urefu ule haufichiki.

"Mwanao yupo, mzee. Hajakosa hata siku moja," mwalimu alisema, akimwonyesha alama. "Sikiliza mwenyewe." Akaita jina.

"Nipo, mwalimu."

Uso wa mzee ukalegea. "Ndiye huyo. Sauti ya marehemu babu yake."

Kisha akasema taratibu, kama mtu anayeomba maji ya kunywa: "Simlaumu, mwalimu, najua ni mitihani. Ila mama yake tangu alazwe anatazama mlango tu. Nimekaa naye pale usiku na mchana, mtoto hajatokea, hajatuma hata salamu. Nipeni niende naye leo. Kesho nitamrudisha."

"Haya, kijana, toka mbele."

Hakuna aliyetoka. Mwalimu akainua macho kutoka daftarini, kwa mara ya kwanza muhula ule, akaanza kutuhesabu.

Nikatoka mimi. Mzee alinitazama usoni, halafu juu ya kichwa changu, pale ambapo uso wa mwanawe ungekuwa. Nikamwambia, kwa sauti yangu mwenyewe, kwamba mwanawe aliondoka Jumatatu kwenda hospitali.