Maneno Sita ya Fasihi

Siku ya arobaini ya mumewe, Bi Hadia alikuwa amekaa eda ndani, wanawake wakipakua pilau ya hitima, binti yake Salha aliporudi kutoka kituo cha maneno. Mtihani wa Kiingereza ulikuwa kesho, na siku hizi hakuna aliyekariri tena. Mtoto hukaa kwenye kiti cha kituo, neno likamwingia kichwani moja kwa moja, ila lazima atoe kumbukumbu ili lipate nafasi. Wengi walitoa vitu vya ovyo, kama katuni za utotoni na nyimbo za matangazo.

Salha aliingia akitabasamu, jambo ambalo mama yake hakuwa ameliona tangu mazishi. Akazitazama sahani, akawatazama wageni.

"Mama, hapa kafariki nani?"

Shangazi yake akamkata jicho. "We Salha, usilete utani kwenye msiba wa baba yako."

"Baba yupi?"

Mwiko ukamponyoka shangazi. Bi Hadia alimshika binti yake mabega.

"Mwanangu, umetoa nini huko?"

"Kituoni waliniambia kumbukumbu ile inayoniliza kila siku itaingiza maneno mengi. Nimepata sita, mama, yote ya fasihi!"

"Maneno gani?" Hakujua aulize nini kingine.

Salha akatamka la kwanza kwa Kiingereza safi, kisha akalifafanua bila kusita. "Ni shairi la kumlilia mpendwa aliyefariki."

Akakunja uso kidogo.

"Lakini mfano, mama, sina."