Mdoli wa Mazoezi

Tangu sheria ya midoli ije, hakuna yaya anayekula akashiba. Kila nyumba yenye mtoto ina mdoli wa mazoezi ya uokoaji unaoacha kupumua wakati wowote, na yaya asipouzindua mpaka ulie, hana kazi.

Nyamizi, yaya wa miaka kumi na sita, alikuwa hoi. Kila akimlisha Shija, mtoto anayemlea, uji, mdoli unazima. Anabwaga kijiko, anapiga magoti, anakandamiza kifua. Shija kwa wivu akazoea kujilaza kando ya mdoli.

"Dada, na mimi nimekufa!"

Nyamizi humtekenya, naye hufufuka akicheka.

Leo mdoli ulizima tena. Alipomaliza kuukandamiza, kabla haujalia, Shija alikuwa chali, uji ukimchuruzika shavuni.

"Amka, baba, dada amechoka," alimsihi, akimtekenya. Shija hakucheka.

Kilio kikasikika, lakini kilikuwa cha mdoli.