Shemeji Anajaribu Kisu

"Nyanya nyingine," alisema seremala bila kuinua macho.

Mjane akampa. Kisu kilipita kwenye ganda bila kusita, vipande vikalala juu ya meza, vyembamba na visafi. Seremala hakuonyesha kufurahi. Alikuwa ameingia bila hodi, akafunga mlango wa jikoni kwa komeo, akauliza kisu kiko wapi. Salamu hakuna, pole hakuna.

Mtu wa namna hiyo humgeuzii mgongo, na mjane hakumgeuzia. Alijua fika kinachomchoma shemeji yake. Msibani, mbele ya ukoo mzima, ni yeye mjane aliyesimama akasema mumewe ameuawa na ngazi aliyotengenezewa na kaka yake, huyu seremala: ngazi mbovu, ya mbao zilizooza, iliyomvunjikia akiwa juu anaziba paa. Ukoo ukamwamini. Tangu siku hiyo hakuna anayempa seremala kazi, hata ya kupigilia msumari mmoja, na mama yake mzazi hapokei simu zake.

"Lete nyama."

"Ya nini, shemeji?"

"Nione kinavyokata."

Akamtolea paja la kuku. Ncha ikapenya kwenye kiungo, mfupa ukaachia kwa urahisi wa kutisha. Kilikuwa kisu cha porini, kizito, kisichokunjwa, chuma kimoja kutoka ncha hadi mwisho wa mpini. Mjane alikipenda sokoni, akakinunua, akakifanya cha kukatia vitunguu. Sasa alijuta kwa nini hakununua kisu cha kawaida kama wanawake wenzake.

"Mdogo wangu alikuwa anakitumia?"

Swali lilikuwa la upole, na upole huo ndio uliomsimamisha nywele. Akisema ndiyo, huyu atadai ni mali ya ndugu yake, na hakitatoka tena mkononi mwake.

"Hata kukigusa! Ni changu peke yangu. Hakuna mtu mwingine anayekishika."

"Hukuwahi kumwazima jirani?"

"Sijamwazima mtu. Nirudishie, shemeji."

"Bado."

Alitazama komeo, lilikuwa gumu siku zote, hata kwa mtu asiyetetemeka. Aliwaza kupiga kelele, lakini redio ya jirani ilikuwa inapiga kelele kuliko yeye.

Seremala alisogeza nyanya pembeni, akaweka mezani kipande cha mbao mpya alichokuja nacho. Akasimamisha kisu juu yake, akakigonga mgongoni kwa mchi. Mbao ikapasuka katikati. Kisha akachukua nusu moja, akainama, akaanza kuichonga taratibu, kwa mikato mirefu, kama mtu aliye kazini kwake. Maranda yakajikunja na kuangukia kwenye damu ya kuku.

"Kinakata," alisema. "Nyanya, nyama, mbao. Ukiwa nacho huhitaji kingine."

"Dada yangu yuko njiani anakuja."

Ulikuwa uongo, na wote wawili walijua.

"Hatutachelewa," alisema seremala, akamshika mkono.

Mjane alifumba macho. Alingoja makali, hayakuja. Alihisi kidole chake kikiburutwa juu ya mbao iliyochongwa, laini tupu, kisha katikati ya ulaini kikakutana na mstari ulioinuka, mwembamba kama uzi.

"Umeusikia?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Makali yana pengo dogo, hapa karibu na ncha. Kimegonga msumari. Kwenye nyanya hulioni pengo hilo, wala kwenye nyama. Lakini kwenye mbao linaacha mstari kila linapopita."

"Basi kinoe uende nacho, shemeji. Nakupa."

Seremala aliweka kisu chini, mbali na wote wawili. Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa kipago cha ngazi, kile cha kukanyagia, kilichokatika. Nusu yake ilikuwa imechanika ovyo, nyuzi za mti zimetoka nje. Nusu ya chini, upande asiouona anayepanda, ilikuwa imekatwa, laini tupu.

"Sasa pitisha kidole hapa," alisema.