Silaha ya Mke Aliyebaki

Musimenta alifunga kisu cha jikoni kwa kamba kwenye mpini wa ufagio, akasimama mlangoni pa nyumba yao, kambi ya jeshi, Kasese. Shujaa wa hadithi anayoiandika, mwanamke wa Japani ya kale, leo kanyang'anywa upanga na mwandishi wake: Musimenta kasoma kwamba wake wa wapiganaji walilinda nyumba kwa kisu cha mpini mrefu.

"Afande, unavizia panya?" jirani alimcheka.

"Niko najaribu silaha ya hadithi. Bwana yake alienda vita, yeye analinda mlango."

Tangu kikosi cha mume wa Musimenta kivuke mpaka wa Kongo pale Bwera, simu yake haipatikani.

"Na huyo bwana anarudi lini?"

Kamba ililegea, kisu kikaning'inia.

"Hapo bado sijaandika."