Kiti Kilichonipima Moyo

Mimi ni mkunga, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Kwenye filamu tuliyoonyeshwa ukumbi wa kata, mdudu wa sayari nyingine alipompasua tumbo mwanaanga wa kike, watu walipiga mayowe, wengine wakatapika. Mimi niliwaza tu: mbona hakuna wa kumshika mkono huyu mama, na damu yote hiyo nani anaizuia?

Basi hilo ndilo kosa langu. Mkanda wa kiti nilichofungwa, ule wa kupima mapigo, ulisoma kwamba moyo wangu umetulia, na sheria inasema asiyeshtuka kwenye filamu hiyo ya kupimia watu kila mwaka hana huruma, haruhusiwi kulea mtoto.

"Lakini damu naiona kila siku, mwanangu," nilimwambia karani wa kata.

"Mama, kiti hakijui kazi yako," alijibu bila kuinua macho.

Jirani yangu Asajile, ambaye wanawe huja kwangu niwakande migongo kila akiwachapa, yeye alizimia kabisa. Wakampa cheti cha huruma, akakitundika sebuleni!

Jumatatu asubuhi karani alikuja kumchukua binti yangu Sekela, ana miaka sita. Mtoto aliuliza kama anaweza kumaliza uji kwanza. Akaambiwa atapewa mwingine huko aendako.

"Huko wapi?" nikauliza.

Karani akanyoosha kalamu kuelekea nyumba ya Asajile.

Moyo ulinipiga paa, nikashika ukuta. Ila safari hii hakuna aliyekuwa amenifunga mkanda.