Wa Mwisho Langoni

Alibaki mchezaji mmoja tu, naye alikuwa hataki kufa.

Tangu asubuhi mkurugenzi alikuwa akimtumia mbwa mwitu na majambazi. Kila walipotokea, mchezaji yule alijikokota hadi kwenye kibanda cha mlinzi, akajificha mpaka wapite, kisha akarudi kukaa pale pale langoni. Ofisini walimwita Kobe.

Mkurugenzi hakuwa na wa kumlaumu. Mchezo aliubuni yeye, na sharti lililowapagawisha watu ni lake: humu ukifa umekufa, na mji hautafungwa maadamu yupo mmoja aliye hai. Ahadi hiyo iliwaleta wachezaji kwa mamilioni, wakapigana usiku na mchana kwenye mtandao kana kwamba dunia nyingine haipo. Miaka ile alilala ofisini, na simu za nyumbani alizijibu kwa maneno mawili matatu huku macho yakiwa kwenye kioo cha kompyuta. Kisha ukaja mchezo mwingine wenye picha nzuri zaidi, watu wakahama kama waliofukuzwa. Wafanyakazi nao wakafuata. Akabaki yeye na fundi wa mitambo, dada mmoja asiye na maneno mengi.

Sasa kampuni kubwa ilitaka kuununua mchezo na kumpa yeye kazi ya maana. Ila mwanasheria wao alishikilia kwamba ahadi itimizwe kwanza, wasije wakaburuzwa mahakamani. Mwisho ulikuwa leo jioni. Kobe akibaki hai, kazi inaota mbawa.

"Muombe atoke mwenyewe," fundi alimwambia. "Huyu hajawahi kumpiga mtu. Anagawa maji tu na kuwasalimia wapita njia."

"Hata jina hajabadili. Anaitwa Mgeni mpaka leo, vile vile mtambo ulivyomwandika. Mtu kama huyo atajua nini?"

Mkurugenzi akalichukua dude la mlimani, lile lililowahi kufyeka majeshi mazima, akaliongoza mwenyewe hadi langoni.

Kobe hakukimbia. Alisimama, akaandika taratibu, herufi moja moja: Hujambo. Baada ya kitambo akaongeza: Subiri kidogo, namngoja mtu.

Mkurugenzi alicheka kwa uchovu. Angojwe nani tena, na mji mzima umebaki vumbi? Akapiga. Pigo la kwanza lilimwangusha Kobe na kibuyu chake, naye badala ya kukimbia akainama kukiokota. La pili likammaliza.

Fundi alizima mitambo, akachukua mkoba wake, akatoka bila kuaga.

Mwanasheria alipopiga kumpongeza, mkurugenzi alijisikia mwepesi kama aliyetua gunia. Furaha ikamkumbusha mama yake. Akampigia, akamwambia kazi zile zimekwisha, Jumapili anakuja kumwona, na safari hii ni kweli. Upande wa pili akasikia kamasi zikivutwa.

"Mama, unalia nini?"

"Si kitu, baba. Ni ule mchezo wako. Ulisema kazi zimekubana, nikikutaka niingie humo nikungoje langoni, utapita. Leo limekuja dude, nimelisalimia, halikuitika."